Mwaka Apollonia Alipokataa Kutaja Majina

Apollonia Hackl alizaliwa katika nyumba iliyoegemea ukuta wa kanisa la Eschenreuth, na katika miaka sabini na moja ya kwanza ya maisha yake hakuwahi kulala mbali na ukuta ule zaidi ya siku nne. Baba yake, Lienhard, alikuwa mtunza kanisa. Ndiye aliyepiga kengele, aliyechimba makaburi, aliyefagia sakafu na kuwafukuza mbwa wakati wa ibada. Mama yake alifua vitambaa vya altare na kuoka mkate wa ushirika. Wanakijiji walimwita binti yao Plona, na tangu akiwa mdogo alijua nani anakaa benchi gani, nani husinzia wakati wa mahubiri, na nani huimba kwa sauti kubwa kuliko imani yake.

Kijiji kilikuwa chini ya mtawala aliyekaa mbali, katika kasri la Heidelberg, mwendo wa siku nane kwa miguu. Hakuna mtu wa Eschenreuth aliyewahi kumwona. Hata hivyo yeye ndiye aliyeamua wamwabudu Mungu kwa namna gani, maana sheria ya nchi zile ilikuwa hiyo: dini ya mwenye nchi ndiyo dini ya wanaoilima. Mtawala alikuwa Mlutheri, basi Plona alibatizwa Kilutheri. Alipotimiza miaka kumi ikaja barua. Mtawala amefikiri upya, sasa anafuata mafundisho ya Kalvini, na sanamu zote zitolewe kanisani.

Siku hiyo Plona alimshikia baba yake ngazi. Lienhard aliwashusha watakatifu wa mbao mmoja mmoja, akawalaza kwenye majani nje ya mlango kama watu waliochoka.

"Baba, wanakwenda wapi?"

"Wanakwenda kupumzika. Wamesimama miaka mia."

Jirani yao Utz, mzee mwenye maneno mengi, alikuwa amekuja kutazama. Aliinama, akampapasa Mtakatifu Laurenti begani.

"Lienhard, nipe huyu. Banda langu la kuku limeinama upande mmoja."

"Utz! Huyo ni mtakatifu."

"Jana alikuwa mtakatifu. Leo barua inasema ni gogo. Mimi nimeomba gogo."

Watu wakacheka. Kisha wakamwona bibi mmoja amepiga magoti kwenye majani yale mabichi, anaisugua miguu ya Bikira Maria kwa upindo wa gauni lake, na kicheko kikakatika. Jioni kuta zilikuwa zimepakwa chokaa na altare ya mawe imebomolewa. Mahali pake paliwekwa meza ya kawaida, na juu yake mkate mweusi wa kawaida, ule ule wa kulia supu.

Miaka tisa baadaye mtawala alifariki. Mwanawe alikuwa Mlutheri. Meza ikatolewa, altare ikajengwa upya, na Laurenti akarudi kutoka kwa Utz na mavi ya kuku mabegani. Miaka saba mingine ikapita, mwana naye akafa, na Ukalvini ukarudi. Safari hii Lienhard alikuwa mzee, na Plona ndiye aliyeshika nyundo ya kuunda meza upya.

"Usipigilie misumari kwa nguvu sana, mwanangu," baba yake alimwambia. "Utakuja kuing'oa."

Hayo yalikuwa karibu maneno yake ya mwisho ya maana. Alikufa kabla ya mavuno, akazikwa kwa ibada fupi bila mishumaa. Kazi yake ikachukuliwa na mume wa Plona, Jobst, fundi mapipa kutoka kijiji cha pili, mtu mkimya mwenye mikono mikubwa, ambaye aliwahi kusema kwamba pipa likivuja linavuja tu, hata liwe la nani.

Sasa kulikuwa na mchungaji mpya, kijana, msomi, mpole, aliyetoka Heidelberg na masanduku mawili ya vitabu. Alimpenda Plona kwa sababu alijibu maswali moja kwa moja. Plona naye, lazima isemwe, alifurahia kupendwa. Wanaume wa kijiji hawakumuuliza maoni yake kuhusu jambo lolote. Mchungaji alimuuliza. Alimfundisha hata kusoma, herufi kwa herufi, mezani jikoni wakati Plona akimenya maharage.

Rafiki mkubwa wa Plona alikuwa Walpurga Zeitler. Walikua pamoja, wakachuma matunda ya msituni pamoja, na walipeana siri kama watu wanaopeana chumvi. Walpurga alikuwa amezaa watoto watatu, na wote watatu walikufa. Alipojifungua wa nne, binti, hofu ilimshika. Wakalvini walikuwa wameondoa katika ubatizo yale maneno ya zamani ya kumwamuru shetani amtoke mtoto. Walisema ni ushirikina. Lakini Walpurga alisikia kwamba mtoto aliyebatizwa bila maneno yale ni kama nyumba isiyo na kitasa. Siku ya tatu baada ya kujifungua, alimfunga mtoto kifuani, akavuka msitu hadi kijiji kilichotawaliwa na mji wa Nuremberg, ambako kulikuwa na mchungaji wa Kilutheri, akambatizisha huko.

"Nimekwambia wewe tu, shoga," alimwambia Plona aliporudi, uso mweupe kwa uchovu. "Hata mume wangu nimemwambia nilikwenda kwa shangazi."

Wiki mbili baadaye mchungaji alimuuliza Plona mbona mtoto wa Zeitler hajaletwa kanisani.

"Labda mama hajapata nguvu," Plona akasema.

"Apollonia, mimi si askari. Kama kuna kitu kinachomtisha mama yule, nataka nikakae naye tu, nizungumze naye. Nitamsaidiaje kama sijui?"

Yalikuwa maneno mazuri, na Plona aliamini kwamba yalitoka moyoni. Miaka mingi baadaye bado aliamini hivyo. Akamwambia.

Mchungaji alikwenda kweli kuzungumza. Lakini pia alikuwa na wakubwa wake, na wakubwa walitaka taarifa kila mwezi, na yeye alikuwa kijana mwaminifu asiyejua kuandika nusu ya jambo. Barua iliondoka. Iliyorudi iliamuru mume wa Walpurga afungwe mnarani wiki tatu, na shamba walilopangishwa lirudishwe kwa bwana mwenye ardhi. Waliondoka Eschenreuth mwezi wa pili, theluji ikiwa magotini, na vitu vyao kwenye mkokoteni mmoja.

Walpurga alipita mlangoni kwa Plona asubuhi ile. Hakupiga kelele. Alikuwa amemfunika mtoto kichwa.

"Najiuliza tu," alisema. "Nani mwingine alijua?"

Plona alitazama chini, kwenye theluji.

"Basi," Walpurga akasema, akageuka kuusukuma mkokoteni.

Jobst alijaribu kumtuliza mkewe. "Hukusema uongo, Plona. Ulisema ukweli kwa mtu wa Mungu. Wakubwa ndio walioharibu."

"Jobst, naomba unyamaze."

Zilipofika habari kwamba mtoto alikufa kwa homa ya kifua kabla ya Pasaka, Plona alivaa viatu vya mumewe, akavuka msitu. Hizo ndizo zile siku nne. Aliwapata wakiishi kwenye chumba nyuma ya kiwanda cha kutengeneza ngozi. Walpurga alikuwa anakwangua ngozi ya ng'ombe, na hakuacha kukwangua.

"Umekuja kutafuta msamaha," alisema.

"Nimekuja kukuona. Na huo pia, ndiyo."

Walpurga alikwangua kwa muda mrefu. Harufu ya pale ilichoma macho. "Leo sina," akasema mwishowe. "Nikisema ninao nitakuwa nakudanganya. Labda mwakani."

Mwaka uliofuata Plona alikuwa na mimba, na uliofuata alikuwa na mtoto mchanga, Sibylla. Mwaka wa tatu alisikia kwamba familia ile imehamia mbali zaidi, na hakuna aliyejua wapi.

Tangu hapo alibadilika. Hakuwa mkali wala hakukauka. Watu waliendelea kumpenda, na mikate yake ilisifiwa hadi Amberg sokoni. Lakini mtu akianza kumsimulia habari za jirani, alisikiliza mpaka mwisho na habari ile ikaishia kwake. Mchungaji yule kijana aliendelea kumuuliza mambo kwa upole, na Plona aliendelea kumjibu kwa upole kwamba hajui. Baada ya miaka michache alihamishwa. Alimwachia kitabu kimoja cha zaburi, na Plona alikisoma, kwa sababu zaburi hazikuwa na kosa.

Miaka ikasonga, zaidi ya thelathini, chini ya chokaa ile ile na meza ile ile. Watu waliokuwa wamelilia watakatifu wakafa, wakazaliwa wengine walioona kuta nyeupe ndizo za asili. Wakaupenda Ukalvini kwa sababu ulikuwa wao, au wakaficha vitabu vya Kilutheri vya babu zao kwa sababu hiyo hiyo. Sibylla aliolewa na Matthes, mkulima wa upande wa pili wa kijito, akapata watoto wanne.

Mwishoni mwa mwaka 1618 ilitokea angani nyota yenye mkia mrefu, na watu walisimama barabarani alfajiri wakiwa na ndoo mikononi, wakiitazama.

"Inamaanisha nini, Jobst?" mtu aliuliza.

"Inamaanisha maziwa yanapoa," Jobst akajibu, akaingia ndani.

Lakini ilimaanisha, au angalau ilifuatiwa na mengi. Mtawala wao, kijana wa Heidelberg, alikubali taji la ufalme wa Bohemia lililokuwa la mtu mwingine, na baada ya mwaka mmoja tu akapigwa, akakimbia. Mwaka 1621 majeshi yalipita Eschenreuth, kwanza ya upande wake, kisha ya waliomshinda. Plona hakuona tofauti. Wote walikuwa na njaa, wote walifunga farasi kanisani. Waliacha nyuma yao homa ya kambini, na Jobst aliwazika watu kumi na wanane katika msimu mmoja wa baridi. Wa kumi na tisa alikuwa yeye mwenyewe. Plona alichimba kaburi pamoja na Matthes, kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Sasa nchi ilikuwa ya mtawala wa Bavaria, Mkatoliki. Kwanza zilipotea siku kumi. Lilitoka tangazo kwamba kalenda ya zamani ilikosea, na watu walilala tarehe moja wakaamka tarehe iliyo mbele kwa siku kumi. Gilg, mfumaji, aliyekuwa na ulimi kama wa marehemu Utz, alilalamika kuliko wote.

"Mke wangu alikuwa ajifungue wiki ijayo. Sasa amechelewa, na hajafanya kosa lolote!"

Kisha akaja padri. Aliitwa Balthasar, mtu wa miaka hamsini, mwenye kikohozi na viatu vilivyotoboka, aliyepewa parokia tatu na punda mmoja. Plona alimfungulia kanisa, akamwonyesha mahali altare iliposimama zamani. Padri alipiga goti pale pale kwenye vumbi, akaomba, akainuka kwa kushikilia bega la Plona.

"Mama, wewe ni wa dini gani?"

"Mimi ni mtunza kanisa, padri."

Alicheka mpaka akakohoa. Wakapatana. Plona alimpikia kabichi, akamfulia kanzu, akaingia kwenye misa, na alipoambiwa aungame aliungama. Alitumia saa nzima. Yaliyosemwa hatuyajui, lakini padri alitoka macho mekundu. Kwa hiyo isije ikadhaniwa kwamba Apollonia alikuwa shujaa wa imani. Alikuwa amebadilishiwa dini mara nne, na kila mara alibadilika.

Mwaka 1628 ukaja uamuzi wa mwisho: kila mtu awe Mkatoliki au aondoke. Aliyeungama alipewa cheti cha kitubio. Asiye na cheti alipelekewa askari wa kukaa naye, kula chakula chake na kulala kitandani pake mpaka abadilishe mawazo. Wengi wa Eschenreuth walichukua cheti. Familia mbili zilifunga mizigo zikaenda Nuremberg. Halafu ikaja tume ya kutafuta vitabu. Ilisemekana kwamba watu wanakwenda misa Jumapili na kusoma vya Kilutheri na vya Kalvini Jumatatu, na ilikuwa kweli.

Padri Balthasar alikuja jikoni kwa Plona siku moja kabla ya tume. Hakugusa bakuli la kabichi aliloandaliwa.

"Mama Apollonia, wewe unaingia kila nyumba. Unajua nani anavyo."

Plona alikuwa anakata vitunguu. Aliendelea kukata.

"Hawa watu wa tume watavunja masanduku na kung'oa mbao za sakafu. Nimewaona walivyofanya kijiji cha jirani. Ukiniambia mimi kimya kimya, nitakwenda nikae na watu hao, nizungumze nao tu. Watanipa vitabu, hakuna atakayeumia. Nitawasaidiaje kama sijui?"

Kisu kilisimama. Ilikuwa miaka arobaini na tatu, na mtu mwingine, na dini nyingine, na maneno yale yale karibu yote.

"Wewe ni mtu mwema, padri," akasema.

"Basi niamini."

"Nakuamini. Yule wa kwanza pia nilimwamini, na alikuwa mwema. Kula chakula chako."

Kesho yake alipelekwa mbele ya tume, katika chumba cha juu cha nyumba ya wageni. Walikuwa watatu nyuma ya meza: ofisa mnene mwenye baridi yabisi aliyekuwa ameweka mguu juu ya kiti, mwandishi, na padri Balthasar pembeni, akitazama mikono yake.

"Wewe ni mjane wa mtunza kanisa," ofisa alisema. "Una cheti cha kitubio. Hongera. Je, unajua kama kuna vitabu vilivyokatazwa katika kijiji hiki?"

"Vipo, bwana."

Kalamu ya mwandishi ilikimbia. Ofisa alishangaa, alikuwa amezoea watu wasiojua kitu. "Na unajua viko kwa nani?"

"Najua."

"Vizuri sana. Tutajie."

"Sitataja."

Ofisa alimgeukia padri, kisha akamrudia mwanamke. "Pengine husikii vizuri, bibi. Nimesema utaje."

"Nasikia vizuri, bwana. Na mimi nimesema sitataja."

"Kwa nini? Wewe ni Mkatoliki!"

"Ndiyo, bwana. Na kitabu cha zaburi nilichonacho mimi ni hiki hapa." Akakiweka mezani. Kilikuwa kimechakaa mpaka kimekuwa laini kama kitambaa. "Cha kwangu nakutajia. Vya wengine si vyangu vya kutoa."

"Unajua naweza kukufanya nini?"

"Siwezi kujua yote. Lakini najua baadhi, niliwahi kuona."

Ofisa alimfanyia mambo mawili. Alimtoa katika nyumba ya kanisa, ile aliyozaliwa, akampa siku tatu. Na kwa kuwa mjane huyo hakuwa na mali ya kuliwa, askari sita wakapelekwa kwa binti yake.

Hilo hakulitarajia. Alipohamia kwa Sibylla na godoro lake la majani, askari walikuwa wameshafika. Walikuwa vijana wa kutoka mbali, hawakuwa wabaya kupita wengine, lakini sita wanakula kama sita. Wiki ya kwanza waliwamaliza bata. Wiki ya pili walimchinja nguruwe aliyekuwa anawekwa kwa ajili ya majira ya baridi. Watoto walikunywa maji yaliyochemshiwa figili.

"Mama," Sibylla alisema mwanzoni mwa wiki ya tatu. Alikuwa anakanda unga ambao haukutosha hata kukandwa. "Gilg anacho kimoja. Na wale wa kinu cha kusagia unga. Hata mimi najua. Kwa nini mdomo wako wewe ndio unaogharimu watoto wangu?"

"Ukitaka kwenda kuwataja, sitakuzuia."

"Usinifanyie hivyo! Usinipe mimi mzigo!"

Plona alikaa kwenye benchi. Sibylla hakuwa amewahi kusikia habari za Walpurga. Mama yake hakuwahi kumwambia mtu isipokuwa Jobst na padri. Alimwambia sasa, bila kuipamba, mpaka kwenye mtoto na homa ya kifua, mpaka kwenye ngozi ya ng'ombe. Sibylla aliendelea kukanda huku akisikiliza.

"Kwa hiyo wajukuu wako walipe deni lako," akasema mwishowe.

Plona alilitafuta jibu siku nyingi, hata baadaye sana, na hakulipata. Alikuwa anajua tu kwamba mkono wake hauwezi kufanya jambo lile mara ya pili, kama vile mkono uliowahi kuungua usivyoweza kuingia motoni hata ukiamriwa.

Sibylla hakwenda kwa tume. Alikasirika, alimnyamazia mama yake, lakini hakwenda. Na jambo la Plona kukataa kutaja likajulikana, kama yanavyojulikana mambo katika kijiji chenye nyumba arobaini. Asubuhi moja kulikuwa na gunia la ulezi mlangoni. Siku nyingine jibini. Mke wa Gilg alikuja waziwazi, mchana, na sufuria ya maharage, akaipita sebule yenye askari bila kuwasalimu.

"Za huku?" alimwambia Plona.

"Tunakula," Plona akasema.

"Mume wangu anasema atakwenda kukitoa mwenyewe kile kitu, ili mpumzike."

"Mwambie afanye anavyoona. Lakini asifanye kwa ajili yangu."

Gilg hakukitoa. Alikuwa na watoto saba na aliogopa, na Plona hakumlaumu. Wale wa kinuni walikitoa chao, wakatozwa faini, wakabaki. Askari walikaa wiki saba. Hawakuondoka kwa sababu ya uthabiti wa mtu yeyote. Vita vilihitaji watu kaskazini, amri ikaja, wakafunga mabegi. Mmoja wao alimpa mtoto mdogo wa Sibylla filimbi aliyochonga. Tume ilikuwa imeshasahau Eschenreuth.

Nyumba ya kanisa hakurudishiwa. Ilipewa mtunza mpya kutoka Bavaria. Lakini padri Balthasar aliendelea kuja kula kabichi, sasa kwa Sibylla. Mara ya kwanza alisimama kizingitini na kofia mkononi.

"Sikujua kama ningekaribishwa."

"Mwulize mwenye nyumba," Plona akasema.

Sibylla alimtazama yule mtu mwembamba na matope ya viatu vyake. "Futa viatu," akasema.

Mwaka wa 1632 upepo uligeuka tena. Waswidi walishuka kutoka kaskazini, Waprotestanti, na kikosi kimoja kikafika Eschenreuth asubuhi ya mavuno. Ofisa wao, kijana mwenye ndevu nyekundu aliyezungumza Kijerumani cha kubahatisha, alitaka padri. Mwenye padri ajitokeze. Kanisa lilikuwa tupu. Ukweli ni kwamba padri Balthasar alikuwa chini ya mitambo ya kufumia, nyumbani kwa Gilg, amelala kwenye marobota ya kitani na kitambaa mdomoni ili asikohoe. Gilg ndiye aliyemwita ndani. Alipoulizwa baadaye sababu, alisema kikohozi kile kilikuwa kinamkera barabarani.

Plona alikuwa na miaka sabini na mitano. Walimkuta kwenye benchi mbele ya nyumba, anapukusa maharage.

"Bibi, tumekuja kuwakomboa," ofisa alisema. "Nani hapa ni rafiki wa Wakatoliki?"

"Kaa kwanza," Plona akamwambia. "Umekonda."

"Nimeuliza swali."

"Nimelisikia, mwanangu. Mimi ni mzee, nimeshaulizwa hilo na watu wengi. Hakuna aliyepata."

Kijana alimtazama, akawatazama askari wake, ambao walikuwa wameanza kuchuma matufaha ya Matthes. Hakuwa na muda. Walichukua farasi wawili, mikate yote, na kengele ndogo ya kanisa, wakaondoka kabla ya adhuhuri.

Majira ya baridi yaliyofuata Plona alianza kuvimba miguu. Alilala karibu na jiko, na Sibylla alimsugua kwa mafuta ya bata. Hawakuzungumza tena juu ya zile wiki saba mpaka siku moja ambapo Sibylla, bila kuinua kichwa, alisema, "Ningekwenda kwa tume, mama, siku ile ya unga. Nilishavaa shali."

"Nilikuona."

"Kwa nini hukusema kitu?"

"Ungesema nakupa mzigo."

Sibylla akacheka, kicheko kifupi, akaendelea kusugua.

Plona alikufa Februari. Padri Balthasar alikuwa amekimbilia Regensburg kwa sababu Waswidi walikuwa karibu, na hakukuwa na mchungaji kwa miaka mingi. Gilg na Matthes walichimba kaburi kwenye ardhi iliyoganda, wakibadilishana sururu. Hakuna aliyejua ibada ipi ifuatwe, basi Sibylla alisema Baba Yetu, na kila mtu akafuatia kwa namna aliyofundishwa, wengine wakamaliza mapema, wengine wakachelewa.

Padri alirudi Mei, amekonda zaidi, punda hayupo. Alimwomba Gilg amwonyeshe kaburi, akauliza maneno gani yalisemwa. Gilg akamwambia. Padri alisimama pale muda, mvua nyepesi ikimwangukia, kisha akashuka hadi nyumbani kwa Sibylla, akafuta viatu, akauliza kama kuna chochote cha kula.

"Kuna uji wa ulezi," Sibylla akasema. "Kaa."